Mfunua Kurasa wa Jumba la Bati

Kosa langu lilikuwa kuinua mkono. Lau ningeukalia mkono ule, kama mke wangu alivyonishauri kwa kunifinya paja, mzee wa watu pengine angepata kazi yake, nami ningeendelea kulala mchana siku za Jumamosi, jambo ambalo hadi leo naliweka karibu sana na ibada.

Vita vilikuwa vimekwisha mwaka uliotangulia. Jeshi liliacha jumba la bati upande wa Mkomani, lililokuwa bohari ya mablanketi, na memsabu mmoja aliyekuwa akianzisha shule ya wasichana akalichukua. Akalipaka chokaa, akapanga mabenchi, akatangaza konsati nne za muziki wa Kizungu, ule wa kukaa kimya na kusikiliza, moja kila mwezi, Jumamosi saa kumi alasiri. Piano ilivushwa kutoka mjini kisiwani kwa gari la hamali, na wasemao wanasema daraja la Nyali, lililokuwa likielea siku zile, lilididimia chini yake kama kitanda cha kamba. Mimi sikwenda kutazama. Mimi ni mtu wa nyumbani. Hata ukarani wangu katika shamba la mkonge niliuchagua kwa sababu kengele ya mchana ikilia, nafika kwenye sahani yangu kabla mlio haujaisha.

Mke wangu ndiye aliyenivuta kwenda kwenye mkutano wa kutafuta wasaidizi. Memsabu akauliza, kwa Kiswahili chake cha kukatakata, nani kati yetu anajua kusoma muziki, maana mpiga piano anahitaji mtu wa kumfunulia kurasa. Hapo ndipo mkono wangu ulipopanda wenyewe.

Sikuwa nadanganya, au ndivyo nilivyojiambia. Shule ya misheni niliimba sauti ya tatu miaka minne, tukisoma solfa ubaoni, do na re na mi zimeandikwa kwa herufi, zimetenganishwa kwa vituo. Sisi tuliolelewa kwenye kwaya zile tuliamini kuwa muziki wote wa dunia umeandikwa hivyo. Memsabu akanikabidhi kitabu. Nikakifungua. Hamkuwa na solfa hata moja. Mlikuwa na mistari mitano mitano, na juu yake madoa meusi yenye mikia, kama siafu waliopanda kamba za kuanikia nguo.

Nikakifunga taratibu. Memsabu akauliza kama nitaweza. Nikasema naam.

Mtanicheka, lakini nifanyeje? Mtaani kwetu, waliofika sekondari tulihesabika kwa vidole. Nusu ya waliokaa kwenye mabenchi yale walikuwa wakiniletea barua zao niwasomee. Kusimama mbele yao na kukiri kwamba kuna maandishi yamenishinda, hilo sikuliweza. Mke wangu aliniuliza njiani kama ni kweli najua. Nikamwambia muziki ni muziki. Akaongeza mwendo, akaniacha nyuma.

Mpiga piano alikuwa mzee wa Kigoa, mjane, tuliyemwita Mwalimu. Alipanga chumba kimoja karibu na jumba. Suti yake nyeupe ilipigwa wanga ikasimama yenyewe, na alitembea kutoka mlangoni hadi kwenye piano kwa hatua za kupimwa, hakosi hata moja. Nilidhani ni maringo. Siku ya kwanza nilimsogelea jasho likinitoka, nikamwamkia shikamoo, naye akaniokoa kabla sijaomba kuokolewa. Alisema nisihangaike kufuata mistari. Yeye atatikisa kichwa, nami nifunue.

Basi konsati ya kwanza nikafunua, na ya pili nikafunua. Kichwa kikitikisika, mkono wangu unakwenda. Nilijizoeza hata kukunja uso na kuinamia kitabu, kama mtu anayefuatilia hesabu ngumu, na mke wangu akasema nilionekana kama mtu mwenye gesi tumboni. Hata hivyo sikuwa na raha. Kila mara nilihisi memsabu ananitazama kwa nyuma, na nikirudi nyumbani shati limeganda mgongoni.

Kilichozidisha hofu ni jambo lililojulikana na kila mtu. Baada ya konsati ya nne, memsabu angemtaja mwalimu wa muziki wa shule yake. Mwalimu aliitaka kazi ile kuliko kitu chochote. Wakati wa vita wanafunzi wake wa kisiwani walipungua hadi wakabaki wawili, na kaka yake aliyeko Goa alikuwa amekwisha kumwandikia kwamba arudi, kuna kona ya chumba nyuma ya nyumba. Aliniambia siku moja, akifuta vidole kwa leso, kwamba alitoka kule na miaka kumi na saba, hajui tena hata jina la jirani mmoja. Akasema, "Mimi nimezeekea hapa. Kule nitakwenda kufanya nini, kuwa mgeni wa ndugu yangu hadi nife?"

Wiki moja kabla ya konsati ya tatu tulikuwa kwenye mazoezi, sisi wawili tu. Niliweka kitabu, akapiga. Akatikisa kichwa, nikafunua. Tulipofika ukurasa wa mwisho, jicho langu likaangukia maneno ya Kizungu yaliyochapwa pembeni, nayo yalikuwa miguu juu. Kitabu kizima kilikuwa kimepinduka tangu tulipoanza.

Nikangoja anikaripie. Akamaliza kipande, akaweka mikono mapajani, akaniuliza kama niliona sehemu ile ya kati ilivyo tamu.

"Mwalimu," nikasema, "kitabu kilikuwa kichwa chini."

Hakugeuka. "Umegundua lini?"

"Sasa hivi. Kwa yale maneno."

"Basi nawe husomi."

"Sisomi."

Akacheka kidogo, cheko lisilo na furaha, kisha akanieleza. Mtoto wa jicho alianza kumfunga kabla vita havijaisha. Sasa aliona mwanga, na urefu wa watu, basi. Vipande vyote vya konsati alivipiga kwa kumbukumbu, na mfunua kurasa alitakiwa ili memsabu aamini kuwa kuna kinachosomwa. Nami nilikuwa nimejiona mjanja niliyemdanganya mzee.

Kama mambo yangeishia hapo, tungefika salama. Lakini kwa konsati ya nne memsabu aliamua kupiga fidla mwenyewe, na Mwalimu amsindikize kwa kipande ambacho hakuwahi kukisikia maishani. Alituletea kitabu wiki tatu kabla, ametabasamu, akasema anamtegemea Mwalimu kwa yote. Mwalimu alikipokea kwa mikono miwili, akakipapasa jalada, akamshukuru. Mlango ulipofungwa akaniuliza, kwa sauti ya chini, kuna kurasa ngapi. Nikamwambia kumi na nne.

Hivyo mimi, mtu wa nyumbani, kila jioni baada ya kazi nikawa nakwenda chumbani kwake. Alininyooshea mkono wa kushoto, vidole vimetanuliwa, akanifundisha. Vidole vitano ndiyo mistari mitano, na uwazi kati ya vidole nao una sauti zake. Nilitazama kitabu, nikagusa mkono wake pale doa lilipo, kidole cha pili, uwazi wa tatu, naye akaitafuta sauti kwenye kinanda kidogo kibovu alichokuwa nacho. Tukaenda hivyo, doa kwa doa, sauti za mkono wa kulia kwanza, kisha za wa kushoto. Nikikosea, kinatoka kitu kama paka aliyekanyagwa, naye ananirudisha bila hasira. Siku ya tano nilikuwa nimeanza kuusoma mstari mzima bila kumgusa, na nilijivuna kiasi kwamba mke wangu aliniuliza kama sasa nitahitaji mto mkubwa zaidi wa kuwekea kichwa.

Nyumbani niliendelea kuimba madoa yale kwa solfa, nikila, nikioga. Jirani yetu, bibi wa Kiswahili ambaye ukuta wake na wetu ni mmoja, alimuuliza mke wangu kupitia dirishani kama nimepagawa au ni homa. Mke wangu akamweleza kisa chote. Nilikasirika, maana ilikuwa siri. Bibi yule aliapa wallahi hatasema, na hakusema, ila kila nilipopita alinitazama kama mtu anayengoja sufuria ifurike.

Tulimaliza kurasa kumi na nne siku mbili kabla. Kwenye mazoezi na memsabu kila kitu kilikwenda sawa. Alimsifu Mwalimu kwa usikivu wake.

Jumamosi ile jumba lilijaa hadi watu wakasimama. Wazungu mbele, Wagoa na Wahindi katikati, sisi nyuma, na watoto wamening'inia madirishani. Wingu lilikuwa zito, hewa imeganda, na karatasi za kitabu zilikuwa laini kama chapati zilizofunikwa moto. Memsabu alisimama kando ya piano, upande wangu, fidla begani.

Wakaanza. Kurasa sita zikapita. Wa saba ukaja, kichwa kikatikisika, nikafunua, na kwa mara ya kwanza katika konsati zote nne nilikuwa nasoma kweli. Ndiyo maana niliona mara moja. Kurasa zilikuwa zimegandana. Nilikuwa nimefunua mbili pamoja, na yaliyokuwa yakitoka kwenye piano hayakuwa yaliyo mbele yetu.

Hapo ningeacha. Mfunua kurasa asiyejua kitu angeacha, akangoja kichwa kitikisike. Lakini mimi sasa nilikuwa msomi. Memsabu alikuwa na mahali pa kunyamaza, ameshusha upinde, na nikaona macho yake yanakuja kwenye kitabu chetu, yanasimama, yanakunjika. Nikaingiwa na hofu. Nikanyoosha mkono kurudisha ukurasa, kidole kikanaswa na karatasi, na kitabu kizima kikaruka kutoka kwenye kibao, kikaanguka sakafuni nyuma ya piano.

Wakati huohuo mvua ikashuka juu ya bati. Kishindo cha kitabu hakikusikika, na Mwalimu hakujua. Aliendelea kupiga, haki ya Mungu, bila kukosea sauti moja. Tena alikuwa ameinama mbele kama alivyozoea, ameukunja uso, macho yake yakienda kushoto na kulia juu ya ubao mtupu. Alipofika mwisho wa ukurasa ule usiokuwepo, akatikisa kichwa.

Nami nikafunua hewa. Sijui kwa nini. Mkono ulizoea.

Mabenchi ya katikati yalicheka kwanza, kisha ya nyuma. Walidhani ni mchezo tuliouandaa. Memsabu hakucheka. Alimtazama Mwalimu usoni muda mrefu, kisha akainua fidla, akaingia mahali pake, akamaliza kipande pamoja naye kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwa hilo namheshimu. Watu wakapiga makofi zaidi ya siku zote.

Barazani, mvua ikimwagika kutoka kwenye bati, memsabu alimuuliza Mwalimu tangu lini haoni. Mwalimu akamjibu ukweli wote, pamoja na mkono na vidole, ila hakusema kwamba mimi nilidai kujua kusoma. Memsabu alisema hajawahi kusikia kitu kama kile. Kisha akasema, polepole, kwamba wasichana arobaini wanaoanza wanahitaji mtu anayeona mikono yao na daftari zao, na kwamba angependa kuambiwa mapema. Mwalimu akasema amefahamu. Akaomba radhi, akaufungua mwavuli wake, akaondoka kwa hatua zake zile. Mimi nilisimama pale na kitabu kilicholowa, sikukiri langu, wala sikumsindikiza.

Nikarudi kwetu nikajitenga. Nilimwambia msimamizi wa shamba kwamba nina homa, na kwa siku nne nikakaa barazani nimejifunika kanga ya mke wangu, nikila kidogo kwa maonyesho na kingi jikoni. Mke wangu alinitania siku mbili, siku ya tatu akaacha, jambo baya zaidi. Alisema tu kwamba amesikia Mwalimu ameanza kufunga sanduku. Nikasema najisikia vibaya sana kwa ajili yake. Nilieleza kwa urefu jinsi ninavyojisikia, nadhani hadi adhuhuri.

Siku ya nne yule bibi jirani alikuja na bakuli la uji, akakaa ukingoni mwa baraza, akanisikiliza tangu mwanzo, mkono na kitabu na mvua. Nilipofika kwenye majuto yangu kwa mara ya pili, akaliweka bakuli chini.

"Aliyekosa kazi ni yeye, anayekaa eda ni wewe," akasema. "Mzee yuko peke yake, hana hata wa kumsomea barua ya nduguye. Vua hiyo kanga, vaa viatu, uende."

Nikaivua kanga, nikavaa viatu.