Gencho Hapigwi Muhuri

Nusu ya mapaa ya vigae ya kijiji cha Gorna Vrabitsa yaliezekwa na Gencho Haralanov. Nusu nyingine aliikataa mwenyewe, kwa sababu wenye nyumba walitaka kumfundisha kazi. Ndivyo alivyokuwa tangu ujana: ukimwomba, atakupa shati la mgongoni, ukimwamuru, hata maji ya kunywa hakupi. Mkewe, Radka, alikuwa akisema amekula naye chumvi miaka hamsini na miwili na bado hajaweza kumvalisha kofia siku ya theluji.

Lakini msidhani ni ukaidi wa bure. Alipokuwa na miaka kumi na minane, enzi zile za chama kimoja, alishonewa suruali ya kubana. Jumamosi moja akaenda kucheza dansi mjini, na mlangoni akakuta vijana wa mgambo wanamngoja na mikasi. Wakaichana suruali toka kifundoni hadi gotini, mguu huu na mguu huu, huku wakimweleza kwa upole kwamba serikali inamtakia mema, maana suruali ya kubana huzuia damu. Ala! Serikali na damu ya miguu ya Gencho, wapi na wapi? Nyuma yake kwenye foleni alikuwapo msichana mwenye sketi fupi. Huyo hawakumchania kitu. Walimpiga muhuri pajani, wino wa zambarau, kama wanavyopiga nyama iliyokaguliwa machinjioni. Akausugua kwa majivu siku tisa mpaka ngozi ikachubuka. Msichana huyo ndiye Radka. Walirudi kijijini kwa miguu pamoja, yeye analia, Gencho suruali inampepea, na mwaka uliofuata wakaoana. Gencho alipenda kuisimulia habari ile. Radka hakuipenda, na ikianza tu alitoka nje kulisha kuku.

Sasa, kwetu sikukuu ya Ubatizo huja Januari, mto ukiwa na barafu kwenye kingo. Padri akishabariki maji, wanaume huingia mpaka kifuani, hushikana mikono, wakacheza horo, ngoma yetu ya mduara, zumari na ngoma zikilia ukingoni. Anayeongoza hushika kitambaa chekundu na kukizungusha juu. Kwa miaka thelathini kitambaa kile kilikuwa mkononi mwa Gencho. Na kwa miaka hiyohiyo Radka alimkataza kila Januari, kwa machozi, kwa matusi, mara moja hata kwa mwiko, na kila Januari akamngojea ukingoni na blanketi.

Mwaka aliotimiza sabini na mmoja, tangazo likabandikwa kwenye mlango wa halmashauri: mwenye umri zaidi ya miaka sitini na mitano haruhusiwi kuingia mtoni. Wengine watapimwa na daktari. Aliyeliandika ni Ivelina, katibu mpya wa halmashauri, binti wa hapohapo kijijini aliyesomea afya ya jamii huko mji mkuu. Hakuwa mtu mbaya. Alimjua Gencho vizuri, akaona ni adabu aje mwenyewe nyumbani.

"Shikamoo, Mzee Gencho. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa, binti," Gencho akasema. "Umekuja kula au kukataza?"

Radka alikuwa anatoa kabichi ya chumvi kwenye pipa. Akamsukumia mgeni sahani na kumkata mumewe jicho.

"Mzee, meya anakuheshimu," Ivelina akasema. "Amekutolea kibali maalumu, wewe peke yako. Utapimwa presha, utavaa jaketi la kuelea, utaingia mpaka magotini kwa dakika tatu. Kitambaa utashika wewe."

"Magotini? Hata bata watanicheka."

"Kubali, mzee!" Radka akadakia. "Umepewa kibali, unataka nini tena? Ama unataka nikuzike na hicho kitambaa?"

"Kibali cha nini, Radka? Huu mwili ni wa nani? Nikimpiga mtu, nikiiba kuku wa jirani, waje na pingu, nitawanyooshea mikono. Lakini baridi nitasikia mimi. Moyo ukisimama ni wangu. Leo wameanza na mto, kesho watanihesabia gongo yangu ya plamu, keshokutwa watakuja kunifunika blanketi."

"Na mwaka jana?" Ivelina akauliza. "Mzee Stanyo alipoteleza, Mitko wa zimamoto aliruka majini kumtoa. Akalazwa wiki mbili na kichomi, na mkewe mjamzito. Moyo wako ni wako, sawa. Je, kifua cha Mitko ni cha nani?"

Swali lile lilimwingia Gencho. Alimaliza kabichi yake, na binti alipoaga akamsindikiza mpaka langoni, jambo ambalo hakulifanya kwa mtu yeyote wa halmashauri.

Radka hakungoja kauli yake. Alikusanya nguo nyeupe za sikukuu za mumewe, shati na suruali yenye tarizi, akazifungia sandukuni na ufunguo akautia kifuani. Alikuwa amefurahi, tuseme ukweli. Vita alivyoshindwa miaka yote, serikali imemshindia kwa karatasi moja! Akajisemea safari hii mzee atakaa ukingoni na buti zake kama watu wenye akili. Gencho alitafuta nguo, akaona kufuli, wala hakugomba. Akaenda ghalani, akashusha ukutani kamba yake ya kazi, ile ya kuparamia mapaa, akaikagua pindo kwa pindo, akaiviringisha begani.

Siku ya sikukuu kijiji kizima kilijaa ukingoni. Gencho akaja na suruali yake ya kazini yenye viraka, watu wakaanza kumtania.

"Fundi, leo unaezeka mto?"

"Naziba pale serikali inapovuja," akajibu, bila kusimama.

Karibu na maji paliwekwa meza. Daktari alikuwa anapima presha, na pembeni yake Ivelina anawapiga wanaume muhuri mgongoni mwa mkono, ili zimamoto wamjue aliyeruhusiwa na asiyeruhusiwa. Radka alikuwa amekuja na blanketi lake kwa mazoea tu. Akasogea aone. Mwanamume wa mbele akanyoosha mkono, muhuri ukashuka, pwa! Ulipoinuliwa, wino ulikuwa wa zambarau. Mkono mmoja wa Radka ukashuka wenyewe mpaka pajani, juu ya sketi nzito ya sufu.

"Mzee Gencho, karibu. Lete mkono," Ivelina akasema.

Gencho akaficha mikono nyuma. "Nitaingia, binti. Lakini siingii kwa muhuri."

"Basi, mzee, huingii. Naomba usinitie aibu mbele ya watu."

"Wewe uliniuliza swali jikoni kwangu, na lilikuwa swali la haki. Nimekuletea jibu." Akamgeukia Mitko, aliyekuwa amesimama na buti ndefu za zimamoto. "Mwanangu, leo mimi simo kwenye hesabu yako. Nikizama usinifuate. Nimekuja na kamba yangu."

Akajifunga kiunoni fundo la waezekaji, akalivuta mara mbili. Ncha ya pili akamnyooshea mkewe. Kila mtu alijua: Radka akiikataa ile kamba, mambo yamekwisha, maana Gencho asingeiweka mkononi mwa mtu mwingine.

"Radka. Nilipoezeka mnara wa kanisa, ulinishikia wewe."

"Nilikuwa mjinga," Radka akasema. "Nilikuwa na miaka thelathini na mjinga."

"Mama, usimpe moyo," Ivelina akamsihi. "Si wewe uliyekuwa unataka asiingie?"

"Mimi, ndiyo. Mimi!" Radka akageuka, na wote ukingoni wakamsikia. "Kumkataza huyu ni kazi yangu. Nimeifanya miaka hamsini na miwili, kwa mdomo wangu na kwa mwiko wangu, sikuomba msaada. Akinishinda, amenishinda mimi, mkewe. Ninyi mmeolewa naye lini?" Akapiga paja lake kwa kiganja. "Mimi nilipigwa muhuri kama huo hapa, nikiwa na miaka kumi na saba. Nao pia walisema wananitakia mema. Kwa hiyo, binti yangu, huyu hapigwi."

Akaikwapua kamba, akaizungusha mara mbili kiganjani.

"Haya ingia, kichwa maji! Ukifa, usinirudie nyumbani!"

Watu wakapasuka kwa kicheko na kelele, zumari likalia, na Gencho akaingia. Magoti, kiuno, kifua. Nyuma yake wakaingia wenye muhuri, kisha Stanyo asiye na muhuri, kisha wazee wawili wengine, na Ivelina hakujua amzuie nani. Kitambaa chekundu kikapanda juu. Mzunguko wa kwanza wakaimba. Mzunguko wa pili wino ukaanza kuwatoka mikononi na kwenda na maji, hata zimamoto wangetaka kukagua, wasingekuwa na cha kukagua.

Mzunguko wa tatu Gencho akatetereka. Midomo ilikuwa imebadilika rangi, na mkono wa kitambaa ukashuka mpaka usawa wa sikio. Ivelina akaacha meza yake, akakimbia mbio, akaidaka kamba mbele ya mikono ya Radka.

"Mama, anatetemeka! Tumvute, tumvute sasa hivi!"

Radka hakuondoa macho mtoni. Machozi yalikuwa yanamtiririka na vidole vyake vilishakufa ganzi. Pale majini, polepole, kile kitambaa kikaanza kupanda tena.

"Shika, mwanangu, unisaidie," akasema. "Lakini usivute mpaka aombe."