Maji ya Kiuno ya Mwanasiti

Saa mbili na robo asubuhi, umeme umerudi Kilindoni na Leonia Sospeter anafungua faili lilelile kwa mara ya tano. Ramani ya bahari inatokea kwenye kompyuta yake, lakini mahali pa mafungu ya mchanga na miamba, ambako wanawake huokota kome na kuchokoa pweza maji yakipwa, pamejaa visanduku vya kijivu. Viko 63, na havionyeshi kitu.

Nyuma yake ameketi Bi Biubwa, mwenyekiti wa kikundi cha wanawake wachokoa pweza, mwenye umri wa miaka 68. Alhamisi kuna kikao cha mipaka ya hifadhi ya bahari. Mafungu ambayo maji yake ya kupwa hayazidi mita moja na nusu yataachiwa wanawake. Yasiyo na kipimo yatafungwa.

"Mwanangu, vipimo vimo humo au vimepotea?"

"Vimo, bibi. Ila mashine haijui kuvisoma."

Leonia, 31, mzaliwa wa Karagwe, ana chumba chenye kompyuta mbili. Huchapa barua, hutengeneza simu, na siku ikiwa njema hupata shilingi elfu nane. Kuandika programu alijifunza chuoni, na hapa kisiwani hakuna aliyewahi kumuuliza habari hizo mpaka kikundi kilipomletea ramani hii.

Programu iliyochora ramani hiyo mwaka 2004 iliunganishwa kwa vijenzi vidogovidogo. Kila kijenzi kilijua kuandika vitu vyake kwenye diski na kuvisoma tena. Mtafiti aliyeiunda alirudi kwao, kompyuta yake ikafa, na kijenzi cha mafungu kikafa nayo. Kikundi kilibakiwa na CD moja yenye ramani na karatasi za maelezo, vyote vikilala sandukuni chini ya kanga.

Fundi mmoja alishauri visanduku vifutwe, kazi ianze upya. "Nilikataa katakata," anasema Leonia. "Programu hii ikikuta kitu isichokifahamu, haikitupi. Inakitunza kama kilivyo mpaka aje anayejua kukisoma. Sasa mimi ni nani nikitupe?"

Alikaa siku tatu akiandika kijenzi kipya, karatasi zile mkononi. Jina la fungu kwanza, kisha mahali, kisha kina, kwa mpangilio uleule ulioandikwa zamani. Visanduku vikafunguka. Lakini kwenye kina hakukuta namba, naye kwa haraka zake akaweka sifuri.

Bi Biubwa alipoitazama ramani alicheka hadi akashika mbavu. "Umetukausha bahari yote! Hapa pana maji, mwanangu. Nimezama hapa mimi."

Leonia aliona aibu kweli. "Kutojua si sifuri," anasema. "Nilijaza uongo mahali palipokuwa na ukweli nisiouelewa."

Akarudi kwenye karatasi. Kumbe kina kiliandikwa kwa sehemu mbili: neno, na kiungo kinachoelekeza kwa mtu aliyepima. Fungu halikuweza kusomeka kamili kabla kumbukumbu ya mtu huyo haijasomwa. Alipoisoma, mstari wa kwanza ulikuja hivi: Maji ya kiuno. Mpimaji: Mwanasiti.

Bi Biubwa aliacha kucheka. Mwanasiti ni mama yake, amefariki miaka sita iliyopita.

"Alikuwa wa kimo gani, bibi?" Leonia aliuliza taratibu.

Bi Biubwa aliinuka, akavua kandambili, akasimama ukutani. "Gauni zake zote nilivaa bila kupandisha pindo. Pima."

Leonia akapima kwa tepu ya fundi cherehani, maana mafungu mengine yalisema maji ya goti au ya kwapa. Goti, sentimita 44. Kiuno, 97. Kwapa, 119.

Kikaoni, ofisa wa hifadhi aliuliza vipimo vilitoka wapi. Bi Biubwa alisimama tu, akasema, "Hivi hapa." Baada ya mabishano, mafungu 41 yaliachwa wazi, yapimwe tena maji yatakapopwa sana.

Leonia sasa anapanga kuhifadhi ramani upya, kila fungu likiwa na maelezo yake ya kujitosheleza, mita kando ya maneno ya Mwanasiti. "Mtu akiifungua baada ya miaka ishirini, asilazimike kumwita mtoto wa mtu asimame ukutani."

Bi Biubwa, anayemsikiliza kutoka mlangoni, hakubaliani naye.

"Waacheni waite," anasema. "Mjukuu wangu wa kwanza nimempa jina la mama, na kimo keshanifikia."