Herufi za Mzee Saidi

Siku yangu ya kwanza kwenye kiwanda cha uchapaji pale Kizota, kijana wa mashine aliniamkia, "Shikamoo," nami nikamjibu, "Shikamoo." Chumba kizima kilicheka. Nilikuwa nimetoka Malawi wiki ileile, nikijua kupanga kurasa kwenye kompyuta lakini sijui Kiswahili. Meneja, mwanamama mpole kutoka Mpwapwa, alinivuta kando. "Hapa utajibu marahaba. Mengine utayajua polepole."

Nikayajua. Mchana nilipanga vitabu vya dini na vya shule. Jioni nilisoma Biblia ya Kiswahili sambamba na ile ya Kichewa, nikijiuliza kwa nini sentensi moja hunigusa katika lugha hii na kunipita katika nyingine. Hayo ndiyo yalikuwa mapenzi yangu ugenini.

Miaka kadhaa baadaye akaja Mzee Saidi, mwalimu mstaafu kutoka Kondoa, aliyekuwa pia akifundisha madrasa. Alikuwa ameandika kwa Kirangi hadithi alizosimuliwa na mama yake, pamoja na dua zake. Kirangi kina irabu mbili zinazoandikwa kwa kupitisha mstari katikati ya i na u. Nilipotoa prufu, yaani nakala ya kusahihishia, kila penye irabu hizo palitokea kisanduku kitupu. Fonti zetu, yaani seti za maumbo ya herufi, hazikuwa nazo.

"Tuweke i na u za kawaida," meneja alishauri. "Wasomaji wataelewa."

"Neno moja litageuka jingine, mama," alisema Mzee Saidi.

Mimi nikauliza la kwangu. "Mzee, lakini Mungu si atasikia dua hata bila huo mstari?"

Alinitazama bila hasira. "Mungu atasikia. Wajukuu zangu ndio hawatasikia."

Jibu hilo halikunitoka kichwani hata nilipofika nyumbani. Kichewa nacho kina w yenye kofia, yaani alama ndogo juu yake, na magazeti ya kwetu yaliivua kofia hiyo zamani kwa sababu mashine hazikuwa nayo. Jina la ukoo wetu siku hizi huandikwa bila kofia, na vijana hulitamka kama lilivyoandikwa.

Nikamwomba meneja ruhusa ya kutumia kompyuta baada ya kazi. Nilipata programu ya kuchorea herufi, nikajifunza kwa kukosea. Mstari ukiwa mnene, wino ulijaa. Ukiwa mwembamba, ulipotea. Mzee Saidi alikuwa na sukari na macho yake yalikuwa yakififia, kwa hiyo nilifanya haraka kadiri nilivyoweza. Alikaa pembeni yangu, akisogeza karatasi karibu na pua, akisema, "Bado," mpaka siku aliyosema, "Hapo sasa."

Kitabu kilipotoka nilimpelekea mwenyewe Kondoa. Alijaribu kusoma, akashindwa, akampa mjukuu wake wa kike. Binti yule alisoma bila kusita. Mkewe mzee, Bi Mwanaidi, aliacha kuchambua mboga. "Huyo ni mama mkwe anaongea," alisema. Mzee Saidi akafuta macho kwa kanzu. Alifariki mwaka uliofuata.

Sasa nimestaafu, naishi Majengo. Simu za siku hizi zina herufi zile tayari, wala hakuna anayehitaji kuzichora. Ugenini pamekuwa nyumbani. Mke wangu ni Mgogo, na watoto wetu wamekua kwa Kiswahili.

Juzi binti yangu Tamanda aliwasha kinasa sauti cha simu. "Baba, sali Baba Yetu kwa Kichewa. Nataka niwe nayo."

Nilianza vizuri, nikakwama katikati. Miaka yote nilikuwa nimesali kwa lugha ya hapa. Tamanda alimpigia shangazi yake Lilongwe, akaweka sauti ya nje.

"Umeisahau?" dada yangu aliuliza.

"Kidogo."

"Basi fuatisha."

Alisema mstari mmoja, nami nikaufuatisha. Tamanda akaufuatisha baada yangu.