Vumbi la Agosti Kwenye Bahari ya Mzee Detlef

Harufu ya tapentaini, ile ya kuyeyushia rangi, hunirudisha Turffontein, kule Joburg, papo hapo. Juzi nilikuwa dukani nanunua rangi ya mlango, ikanishika, nikasimama kama zuzu mpaka muuzaji akaniuliza, "Sista, uko sharp? Uko sawa?"

Mama alimfanyia kazi za ndani Mzee Detlef, Mjerumani aliyechora bahari na pwani za kwao maisha yake yote. Tulikaa chumba cha uani. Kazi ikiondoka, na chumba kimeondoka. Baba alikwishafariki, na kwetu Kigoma ni mbali. Mzee alikuwa na Kiswahili alichookota Tanga, alikokwenda kuchora bandari enzi za ujana, basi yeye na Mama walitaniana kutwa.

"Mzee, Joburg haina hata kidimbwi. Bahari unaitoa wapi?"

Naye hugonga kipara chake. "Humu, Mama Zawadi. Humu haikauki."

Sasa, nyinyi mliokaa kusini mwa Joburg mnaijua Agosti. Upepo huchota vumbi la manjano kwenye vilima vya taka za migodi, ukalimwaga hadi ndani ya sufuria. Mama alikuwa na vita na vumbi lile. Jumamosi moja, Mzee akiwa amejilaza baada ya chakula, tuliingia chumba chake cha kuchorea, mimi na ndoo yangu. Picha mpya ilikuwa imeegeshwa dirishani: mawimbi, mashua mbili, na juu ya yote utando wa manjano.

"Hebu ona," Mama akasema, "hata bahari ya watu halikuiacha!"

Akachovya kitambaa kwenye tapentaini, kama alivyomwona Mzee akisafisha brashi, akafuta.

Bahari ikatoka buluu, buluu ya kukutia baridi. Lakini kitambaani palikuwa na rangi mbichi, si vumbi. Mama akaketi sakafuni pu!

"Yesu wangu! Zawadi, nimetumaliza."

Mzee akaingia na kikombe chake cha kahawa. Akasogeza uso hadi pua ikakaribia kugusa picha, pale pale palipofutwa. Mama alikuwa kakificha kitambaa ndani ya khanga.

"Safi," Mzee akasema. "Kesho natia sahihi."

Nilimpenda siku ile, jamani! Niliamini ameona kila kitu, akatusitiri. "Muungwana ni kitendo," Mama alisema, na hatukuligusia tena. Hata picha zilipozidi kuwa za manjano, kisha za kahawia, Mama alipangusa meza tu.

Mwaka jana Mama akaanza kunilalamikia. "Zawadi, vumbi gani hili lisilofutika?" Nyumba ilikuwa inang'aa. Daktari akammulika: mtoto wa jicho, macho yote mawili. Akatueleza kwamba huja polepole, kila kitu kikageuka manjano, na mwenyewe asijue.

Pale kwenye benchi la hospitali nikalia. Mzee hakutusitiri. Hakuona. Rangi aliyodhani ni nyeupe ilikuwa ya manjano. Alikuwa anapofuka mbele yetu, na watu wawili tuliojua kuna buluu chini ya manjano ile tulinyamaza, tusije tukakosa pa kulala.

Baada ya upasuaji, Mama alipofunguliwa bandeji, aliliangalia shuka la buluu la kitanda chake kwa muda mrefu. Alilishika kwa mikono miwili.

"Zawadi," akasema, "tungelimwambia Mzee."