Watu Wasiopanda Basi

Kwa nini mtu atoke kwenye jengo, atembee hadi kituo cha basi, asubiri basi lije, asilipande, halafu arudi kule kule alikotoka?

Swali hilo liliulizwa na mratibu wa usalama wa manispaa yetu, jioni moja ya Februari, mbele ya sahani ya mikate ya mdalasini. Mimi nilikuwa mmoja wa watu waliotakiwa kumsaidia kulijibu. Sikuweza. Nilichojua ni kwamba mtu aliyekuwa akizungumziwa ni mama yangu.

Nieleze kwanza tulikuwa tukifanya nini pale. Mtaa wetu uko kusini mwa Stockholm, mtaa wa maghorofa ambao magazeti hukumbuka kuwa upo pale tu risasi zinapolia. Polisi walitaka kufunga kamera uwanjani, penye maduka, maktaba na kituo cha basi. Nguzo za taa ni mali ya manispaa, kwa hiyo ilibidi waombe. Wanasiasa wetu, ambao neno ndiyo huwachosha sawasawa na neno hapana, walikubali kwa sharti: kiundwe kikundi cha wakazi cha kusimamia matumizi ya kamera hizo. Kusimamia, ndivyo ilivyoandikwa. Nilikuwa nimemaliza shahada ya sayansi ya siasa, sina kazi ya maana, na nina ugonjwa wa kuuliza maswali. Nikaomba nafasi. Nilichaguliwa haraka kuliko nilivyotarajia, na nilipoiona picha ya kikundi kwenye tovuti ya manispaa, mimi, mtoto wa Kiafrika, nikiwa nimesimamishwa katikati kabisa, nilielewa sababu.

Usimamizi wenyewe ulikuwa hivi. Picha za kamera hatukuruhusiwa kuziona. Kamera zinaelekea wapi hatukuruhusiwa kujua, ingawa zilining'inia juu ya vichwa vyetu na mtoto yeyote angeweza kusimama akala peremende huku akizitazama zikigeuka. Kila baada ya miezi kadhaa polisi mmoja kijana, mpole, mwenye mikono iliyotulia, alikuja kutusomea muhtasari. Sisi tulikunywa kahawa. Hapo demokrasia ilikuwa imekamilika.

"Kamera zimezuia nini mpaka sasa?" niliuliza katika mkutano wa kwanza.

"Hilo linahusu upelelezi," alisema yule polisi. "Ni siri."

"Nani anaamua kuwa ni siri?"

"Sisi."

"Basi sisi tunasimamia nini?"

Mratibu akaingilia kati na tabasamu lake. "Swali zuri sana hilo! Tuliandike." Akaliandika kwenye kikaratasi cha njano chenye gundi, akakibandika ukutani kando ya maswali yangu mengine mazuri sana. Mkutano ulipokwisha alivibandua vyote, akaenda navyo mahali ninapojua mimi kuwa ni kwenye pipa.

Kulikuwa pia na mzee mmoja mstaafu, Mswidi, aliyekuja na mbwa wake. Yeye alitaka kamera ziongezwe. "Hata chooni kwangu wafunge. Mimi sina cha kuficha."

"Chooni kila mtu anacho," nilimwambia, na mbwa wake ndiye pekee aliyeniangalia kwa heshima.

Basi jioni ile ya Februari polisi alitusomea sehemu iliyoitwa mwenendo unaojirudia. Kila Alhamisi, alisoma, watu wazima kadhaa hutoka kwenye chumba cha chini cha nyumba ya jamii. Husimama mlangoni kwa muda mrefu bila shughuli inayoonekana. Kisha huenda kituo cha basi kwa pamoja. Mmoja hupanda, waliobaki hurudi ndani. Baada ya muda hutoka tena, na mmoja mwingine hupanda. Kabla ya kupanda hukabidhiwa kifurushi kwenye chombo cha plastiki. Mpokeaji hukisukuma kifurushi kando, mtoaji hukirudisha, mpokeaji hukisukuma tena, na mwishowe hukipokea haraka milango ya basi inapofungwa. Baadhi yao hujifunga vitambaa vikubwa juu ya makoti, hivyo kwamba umbo la mwili haliwezi kutambuliwa vizuri.

Vile vyombo nilivijua. Ni vikopo vya aiskrimu. Ndani mna pilau. Friza ya kwetu imejaa vikopo hivyo, na nimeishi utoto wangu wote nikivifungua kwa matumaini na kukuta maharagwe.

"Ni mwenendo tunaouona kwa wasafirishaji wa dawa za kulevya," alisema polisi kwa upole. "Lakini hatusemi kwamba ndivyo ilivyo."

Mratibu ndipo akauliza lile swali lake la basi, kisha akaongeza kwamba idara ya majengo inafikiria kutoongeza kibali cha chumba kile siku ya Alhamisi, mpaka mambo yaeleweke. Alilisema kama mtu anayetangaza kuwa kahawa imekwisha.

Chumba kile hakina dirisha la maana, kina jiko dogo na harufu ya viatu vya mpira. Hukutana humo wanawake kutoka Kenya, Tanzania, Kongo, Burundi na Uganda. Huimba, husomeana barua za ofisi ya kodi, hupika, hubishana ni Kiswahili cha nani kilicho sahihi. Mama yangu ndiye aliyewakusanya. Wiki nzima anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, akiwageuza kitandani, akiwavisha soksi, akisema Kiswidi chake kile cha pole na samahani. Kwa Kiswidi mama ni mtu mwenye adabu aliyechoka. Kwa Kiswahili ni mchekeshaji. Ukimnyang'anya Alhamisi, anabaki yule wa kwanza peke yake.

Nilimkuta jikoni akisukuma chapati. Nilimuuliza kwa Kiswidi, kama nilivyozoea tangu nianze shule, naye akanijibu kwa Kiswahili, kama alivyozoea kutojali.

"Mkifika kituoni, kwa nini hupandi basi?"

"Nipande niende wapi? Nyumba si hii?"

"Sasa unafuata nini huko?"

"Nasindikiza."

"Na kurudi?"

"Wewe, hiyo digrii ulisomea nini? Mmoja akishaenda, wengine si bado wapo? Wa basi la pili yeye si mtu?"

"Lakini mngeweza kuagana ndani, kila mtu akaenda zake."

Akanitazama kama nimemwambia wazikane kwa simu. "Kila mtu aende zake. Haya. Umelelewa na nani?"

"Mama, wanaweza kuwanyang'anya chumba."

Mti wa kusukumia chapati ukasimama. "Kwa sababu tunasindikizana?"

"Kwa sababu ya mwenendo unaojirudia."

"Hata kusali kunajirudia," alisema, lakini sauti yake ilikuwa imeshuka, na chapati iliyofuata ilitoka na umbo la ramani ya nchi isiyo na bandari.

Alhamisi iliyofuata nilikwenda nikajionee. Waliimba, wakala, wakaanza kuagana, nami nikagundua kwamba kuagana ndiyo shughuli yenyewe na kuimba ni utangulizi. Kuna kuaga ukiwa umekaa, kisha ukiwa umesimama, kisha ukiwa na koti, kisha mlangoni, ambako habari muhimu kuliko zote husemwa kwa mara ya kwanza: nani anaumwa, nani anahama, nani ameachwa. Juu ya nguzo kamera iligeuka ikatutazama.

"Huyu binti yako mbona anatukodolea macho?" mwanamke mmoja wa Tanga alimuuliza mama. "Ametumwa na polisi?"

"Afadhali polisi," alisema mama. "Polisi analipwa. Huyu anatupeleleza bure."

Wakacheka mpaka mvuke wa pumzi zao ukawa wingu moja. Wa kwanza kuondoka alikuwa mdogo wao wote, msichana wa Bukavu, mke wa mtu, mnyonge kidogo wa mwili.

"Maman, leo muniache niende miye peke yangu," alisema. "Ni karibu tu. Na bale ba kamera banatuangalia, vraiment, kweli kabisa."

"Peke yako nani?" alisema mama. "Simama hapo. Shoga zangu, twendeni."

"Mutapata shida sababu yangu."

"Waache waangalie. Wakichoka watazima."

Tukaenda wote, kundi zima, tukipita katikati ya uwanja kama msafara wa harusi uliokosa bibi harusi. Kituoni mama alimshika yule msichana mkono wa koti na hakuuachia mpaka basi liliposimama. Ndipo kikopo kikatokea. Msichana akakataa. Mama akasisitiza. Akakataa. Milango ikaanza kufungwa, akakipokea. Basi likaondoka, na wale wengine wakabaki wanalitazama mpaka lilipokata kona. Kisha tukarudi ndani kungoja saa ya basi la wa pili. Nilijiambia: hii ndiyo adabu, hii ndiyo Afrika Mashariki iliyobaki ndani yetu. Nilifurahi sana na nafsi yangu. Nilikuwa nimepata mada.

Katika mkutano uliofuata nilihutubia. Nilikuwa nimesoma makala kadhaa, na ikajulikana. Nilizungumzia ukarimu, nikazungumzia kizingiti kama mahali penye maana, nikasema kwamba kwetu mtu haachwi mlangoni, na neno jamii nililitumia mpaka likaisha ladha. Nilieleza kukataa chakula mara mbili kabla ya kukipokea. Polisi aliandika. Nadhani aliandika "pilau".

"Mgeni wangu akiondoka," alisema yule mzee wa mbwa, "mimi nafunga mlango na kumshukuru Mungu." Lakini alilisema kwa unyonge, akamkuna mbwa wake shingoni.

Macho ya mratibu yalikuwa yanang'aa. "Utamaduni!" alisema, kama mtu aliyekuwa ameshika soksi moja na sasa ameona sanduku la kuitia. "Huu ni utamaduni!"

Na hivyo ndivyo chumba kilivyookoka. Hakuna aliyeuliza kwa nini mashine ihesabu nyayo za wanawake waliotoka kuimba. Hakuna aliyeamua kwamba isiwahesabu tena. Kichwa cha habari tu ndicho kilichobadilishwa: mwenendo unaojirudia ukawa mwenendo wa kitamaduni, na kamera ikaendelea kuwatazama, sasa kwa heshima. Niliuliza kama picha za zamani zingefutwa. Siri. Niliuliza kama wanawake wenyewe wangejulishwa kuwa walikuwa wamewekwa kwenye muhtasari. Swali zuri sana, kikaratasi cha njano, ukuta.

Manispaa, kwa kutaka kuonyesha kwamba imejifunza, iliwapelekea zawadi: vizibao vya njano vinavyong'aa gizani, vyenye maandishi mgongoni yanayosema kwamba mvaaji ni mkazi anayeleta usalama. Mratibu alivileta mwenyewe, na mpiga picha nyuma yake.

Mama alikinyanyua kimoja kwa vidole viwili. "Nimsindikize mgeni nimevaa kama mchimba barabara?"

"Anasema nini?" mratibu aliniuliza.

"Anashukuru," nilitafsiri.

Akapigwa picha. Vizibao vikawekwa juu ya kabati, na baadaye mwanamke wa Tanga akagundua kuwa vinafaa sana kushikia masufuria ya moto.

Jioni ile nilimsimulia mama hotuba yangu yote, na kizingiti chenye maana na kila kitu. Alicheka mahali palipotakiwa kuchekwa. Kisha akageukia jiko, akasema, "Umesema vizuri. Acha ibaki hivyo hivyo."

Nikaacha. Mimi niliyemhoji mratibu, polisi, mzee na karibu nimhoji na mbwa, sikumuuliza mama yangu kwa nini alilisema lile neno akiwa amenipa mgongo.

Kikundi chetu kilikufa kama vinavyokufa vikundi vya namna hiyo. Mikutano iliahirishwa, mratibu akapata kazi manispaa nyingine, kamera zikaongezeka, na siku moja niliona kwamba ukurasa wenye picha yetu haufunguki. Chumba kipo. Alhamisi ipo. Mama ameanza kuumwa magoti, lakini kituoni anafika.

Miaka ilipita. Yule msichana wa Bukavu, ambaye sasa ni mama wa watoto wawili na anafanya kazi ghalani huko Jordbro, alinialika kwenye ubatizo wa yule mtoto mdogo. Baada ya chakula nilisimulia kisa cha vizibao, kama ninavyokisimulia kila ninapotaka kupendwa na watu. Wote walicheka isipokuwa yeye. Alinivuta hadi barazani, kwenye baridi, akafunga mlango wa kioo ili mumewe asisikie.

Alisema zamani walikuwa wakisindikizana hadi mlangoni tu, na ilitosha. Kisha, mwezi wa Novemba baada ya kamera kufungwa, alikuwa akisubiri basi peke yake pale kituoni, watu wawili wakamwangusha, wakachukua mkoba na simu. Mumewe hakuambiwa, maana angemkataza kuja Alhamisi, na mpaka leo hajui. Ni mama yangu aliyempeleka polisi. Na ni mama aliyewaapisha wengine kwamba kuanzia siku ile hakuna atakayesubiri basi peke yake, wala atakayesema sababu.

"Na picha?" nilimuuliza. "Kituo kile kiko chini kabisa ya kamera."

Aliniambia kwamba waliuliza. Polisi waliwajibu kwamba picha za jioni ile zipo na ni safi kabisa, ila saa ile kamera ilikuwa imegeuzwa upande wa pili, ikifuatilia kundi la wanawake waliokuwa wamesimama muda mrefu mlangoni pa nyumba ya jamii bila shughuli inayoonekana.