Mbwa wa Video na Mbwa wa Depo

Kwenye sale ya video ya Kamembe, ukumbi wetu wa kutazamia filamu, mbwa wa filamu za kutisha hubweka kwanza. Macho mekundu, povu mdomoni, muziki unapanda, ndipo anaruka kooni. Nimewatazama wengi hadi nikawa mtaalamu wa darasa letu, maana mwingine hakuwepo. Baada ya vita, mbwa wa kwetu walipigwa risasi karibu wote, kwa sababu ya maiti walizokula milimani. Sisi batoto tuliokua baadaye tulimjua mbwa kwa video tu. Maman alimjua kwa namna nyingine, na nyumbani kwetu mnyama huyo hatajwi.

Likizo iliyopita tajiri mmoja wa unga alileta mbwa aliyefundishwa kulinda depo yake. Pale ndipo Maman anapochukua unga wa kuvusha mpaka hadi Bukavu. Vita vya ng'ambo hufunga mpaka vinapotaka, kwa hiyo siku ukiwa wazi huna nafasi ya kuchagua depo. Mlinzi, askari wa zamani, alitueleza kwamba anayesimama hutazamwa tu, anayekimbia hukamatwa. Nikamwambia mbwa wake ni bure, kubweka hajui, kwenye filamu angefukuzwa kazi. Mlinzi hakucheka.

Asubuhi moja tulikuta geti wazi, mlinzi yuko nyuma anasaidia kupakua lori. Maman alishafika katikati ya ua mbwa alipotoka chini ya meza. Kimya. Alisimama karibu na Maman kabisa, kichwa chini, anatazama magoti yake.

Nilikuwa na kipande cha mkate. Kwenye filamu ukirusha nyama, mbwa anasahau kazi. Nikarusha. Mkate ulipita chini ya pua yake na hakuujali.

Kisha nikaona kisigino cha Maman kinanyanyuka. Huyu ni muntu aliyepona vita kwa kukimbia, mimi nikiwa mgongoni. Sauti yangu, inayochekesha darasa zima, ilitoka nyembamba kama ya panya.

"Maman, usikimbie. Nakuomba."

"Iko inaniangalia," akasema bila kugeuka.

"Acha iangalie. Ukikimbia itakukamata."

Kisigino kikarudi chini. Akafumba macho, na sijui humo ndani aliona mbwa gani. Kitenge chake kilikuwa kinatetemeka, na mbwa alifuata kila tetemeko. Nikamwita mlinzi, Papa, Papa, lakini kelele za wapakuzi zilinimeza. Nikajaribu tena. 

Mlinzi alipotokea hatimaye, alitamka neno moja fupi, na yule mbwa akalala chini kama mbuzi aliyeshiba.

Maman alifumbua macho. Aliomba mfuko wake, akajitwika, akatembea polepole hadi getini, akampita fundi cherehani anayeshonea pale nje na kumsalimia vizuri. Tulipofika kwenye mteremko wa kwenda mpakani, akiwa na unga kichwani, akaanza kukimbia. Hakuna aliyekuwa anatufukuza. Nikakimbia nyuma yake.