Pamba ya Nia Njema

Sifa inanuka, tusidanganyane. Ni mafuta ya ini la papa, hupakwa mbao za chombo zisipasuke kwa jua, na ukiyagusa asubuhi utalala nayo. Juzi, siku yangu ya mapumziko, nilishuka basi karibu na bandari ya zamani hapa Doha, nikakuta mzee akipaka mashua yake. Wenzangu wa hotelini walibana pua, wakanivuta tuondoke. Mimi nilisimama pale nikivuta pumzi mpaka wakaniona sina akili nzuri.

Kwetu Lamu tulikuwa na jahazi, Nia Njema, lililoundwa zama za babu yake Baba, na Baba ndiye aliyekuwa nahodha. Lilipakia boriti za mikoko kwenda Mombasa, likarudi na unga, saruji, magodoro, na mara moja kabati la bi harusi lililofika bila kioo, likazua maneno mtaa mzima. Lakini lilikuwa limezeeka. Nilipokuwa darasa la tatu lilivuja hata mabaharia wakawa hawana kazi ila kuchota maji. Upepo wa kusi ulipokaza likapandishwa pwani, na Baba akatuambia waziwazi: likikataa kuzibika safari hii, litavunjwa liwe kuni, naye atakwenda kutafuta kazi bandarini Mombasa. Ami Bakari, mdogo wake, alikwenda huko, na aliporudi baada ya miaka wanawe walimkimbia kama mgeni. Nilishikwa na hofu ya kweli.

Kuziba chombo, yaani kutia kalafati, ni kushindilia pamba katikati ya mbao. Pamba hiyo tuliisokota mimi na Bibi, mama yake Baba, mkekani. Unaisokota pajani, unaichovya katika mafuta ya nazi, unaivuta, na ikikatika Bibi anakurudishia. "Huu uzi au tambi?" aliniuliza. "Utamzamisha baba yako." Alikuwa akinitania, ila mimi sikucheka. Nilisokota hata paja likachubuka, nikagoma kwenda kucheza, nikawa nanuka nazi mpaka shuleni. Na jinsi nilivyofurahi! Sijapata tena kazi niliyoitaka hivyo.

Siku ya kujaribu walimwaga ndoo za maji ndani ya jahazi, Baba akalala chali mchangani akizikagua mbao kwa chini. Unyevu ukatokeza mahali pamoja karibu na mkuku, ule uti wa chini wa chombo. Akapashindilia upya, tukangoja, pakakauka.

"Sasa huendi?" nikamwuliza.

"Niende wapi tena, mama?" akasema, akanipangusa uso kwa mkono mchafu kuliko uso wenyewe. Nia Njema likaendelea na kazi mpaka nikamaliza shule, na kila lilipoondoka na Baba, lilirudi naye.

Leo naishi vizuri, sina la kulalamika. Natandika vitanda hotelini West Bay, chumba chetu kina kiyoyozi, na mshahara unafika. Binti yangu Salma analelewa na Baba, ambaye siku hizi haendi tena baharini. Wiki iliyopita, simu yetu ikiwa bado haijakatwa, nilimsikia Salma akimwambia shoga yake, "Huyo ni mama yangu wa kwenye simu." Alikuwa akijigamba, maskini. Kesho yake nikamweleza msimamizi wangu kwamba mkataba mpya sitautia saini. Nilipompigia Baba hakuuliza nitakula nini. Aliuliza kama Salma aambiwe leo au angoje anione mlangoni.

"Mwite," nikasema. "Nimwambie mwenyewe."